Koti la Maharage

Pale kambini Dzaleka kila mtu alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia alichotoka nacho kwao, maana vingine vyote vilibaki njiani. Huyu alikuwa na sauti ya kwaya, yule mikono ya kushona, mwingine mdomo tu. Melchior alikuwa na majina. Si majina ya watu, la. Majina ya zile chembe ndogo zinazojenga protini zote, ambazo wasomi huziita asidi amino. Alizijua moja moja kama paroko anavyowajua watakatifu wake: hii iliokotwa wapi, kwa nini ikaitwa hivyo, inafanya nini mwilini.

Alikuwa mwalimu wa kemia kwenye lise moja, yaani sekondari, ya Gitega mpaka Oktoba ya mwaka tisini na tatu, ule mwezi wa mauaji ambao Warundi hawaulizani habari zake. Akakimbia na mkewe Régine na mtoto mchanga, wakapitia Tanzania, wakafika Malawi. Kambi waliyopewa ilikuwa zamani jela ya wafungwa wa siasa. Katika chumba kimoja kirefu cha jela hiyo, chenye madirisha madogo yaliyo juu karibu na paa, Melchior akaanza kufundisha watoto wa wakimbizi alasiri. Hakuna aliyemlipa. Watu wote wakamwita Prof, na kwake hilo lilikuwa sawa na mshahara.

Ungepita pale nje ungedhani ni katekisimu.

"Glisini?"

"Tamu!" watoto wanaitikia.

"Leusini?"

"Nyeupe!"

"Tirosini?"

"Fromage!" Maana ilipatikana mara ya kwanza kwenye jibini.

"Serini?"

"Hariri!"

"Sistini?"

Hapo walikuwa wanacheka kabla ya kujibu, kila siku, hawachoki. "Jiwe la kwenye kibofu cha mkojo!"

"Msicheke," Melchior anasema, na yeye mwenyewe anacheka. "Ni kama sisi Warundi. Kwetu mtoto harithi jina la baba yake. Anapewa jina la siku aliyoikuta duniani. Na hizi vilevile. Jina linakwambia ilikutwa wapi na ilionekanaje. Kazi yake ni habari nyingine, hiyo itabidi uisome."

Mtoto wake mwenyewe alimwita Mahoro, yaani amani, kwa sababu alizaliwa ule mwaka wa uchaguzi, kabla ya Oktoba, watu walipokuwa bado wanacheza ngoma barabarani. Wa pili alizaliwa hapo kambini, akamwita Hatungimana, kwamba Mungu ndiye anayetunza. Baada ya yote aliyoyaona hakuona mwingine wa kumkabidhi mtoto.

Huyu wa pili alipokuja, Mahoro akaachishwa ziwa. Ndiyo dunia. Mdogo akiingia, mkubwa anatoka.

Basi mwishoni mwa mwaka tisini na tano, padri mmoja aliyekuwa akija kusoma misa kambini akaleta habari: kuna shule ya watu binafsi huko Lilongwe, Area 49, inatafuta mwalimu wa sayansi, na haijali anatoka nchi gani mradi Kiingereza chake kinasikika. Muhula ukifunguliwa, Prof aende akafundishe somo moja la majaribio mbele ya mkuu wa shule. Akipendeza, ameajiriwa.

Ungemwona Régine siku ile! Alikaa kizingitini akahamia mjini kwa mdomo. Chumba kimoja tu, hata kule Area 36 kwenye msongamano, hakuna neno. Karibu na soko. Maji ya bomba. Mahoro aende shule ya watoto wadogo, avae soksi.

Ila Melchior alikuwa na suruali moja iliyochakaa magotini na shati lililogeuzwa kola mara mbili. Na hapo ndipo akaingia Lwaboshi.

Lwaboshi alikuwa fundi cherehani kutoka Uvira, mtu wa Kanisa, mwenye watoto wengi na maneno mengi. Alikuwa na makoti mawili ya mitumba, moja limeungua mgongo, jingine limeliwa na panya mikono. "Prof, mi nitatosha koti moja ndani ya haya mawili," alisema, yaani atayakata atoe moja. "Koti ya ministre. Lakini batoto bangu banapenda maharagi. We uniletee maharagi yako ya posho, kila mara banapogawa, mpaka koti iishe. Tuko bandugu."

Posho ilikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta kidogo na chumvi. Basi kila walipogawiwa, unga ukarudi nyumbani, maharage yakapitiliza kwa Lwaboshi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana baadaye watu walitaka kumlaumu Régine, na mimi sitaki kuusikia ujinga huo. Régine alisema. Alisema siku ile ile ya kwanza, akiwa ameshika kikapu kwa mikono miwili.

"Baba Mahoro, na huyu mutoto atakula bugali na nini?"

"Na majani ya maboga. Yako mengi."

"Majani si maharage."

"Mama Mahoro, ni miezi michache. Bugali wa mahindi anashiba au hashibi?"

"Anashiba."

"Haya."

Régine akaachia kikapu. Kwa Warundi nyumba isiyo na maharage jikoni ni nyumba ya msiba, lakini nyumba isiyo na matumaini nayo ni nini? Alizifikiria soksi za Mahoro.

Mahoro alikuwa mtoto wa maneno. Alifuatana na baba yake kwa Lwaboshi kila koti lilipopimwa, akakaa chini ya cherehani, akauliza hiki ni nini, kile ni nini, na vile vifungo vikubwa vyeusi atapewa nani. "Ni za Papa," Lwaboshi alimjibu. "Lakini Papa akizeeka, za wewe." Mtoto akaridhika, akaanza kumuuliza baba yake kila asubuhi kama tayari amezeeka.

Mvua zilipokolea, Mahoro akaanza kunenepa.

Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, tumbo likatangulia mbele. Kwenye bomba la maji wanawake walimwita mama yake wakampongeza. Watu waliotoka vitani, waliozika vitoto vyepesi kama fito kando ya njia, wakiona mtoto mwenye mashavu wanafanyaje? Wanamshukuru Mungu. "Ee Mama Mahoro, mutoto amenona!" "Prof anamupa nini huyu, atwambie na sisi!" Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo tunavyosema. Pale waliharibika wote pamoja.

Nywele nazo zikabadilika. Weusi ukatoka, zikawa nyekundu-nyekundu, laini, zimenyooka. "Nywele za kizungu," wakacheka. Melchior naye akacheka, akamrusha mtoto juu mara moja akamwita Mademoiselle. Alimwona mzito, akafurahi.

Régine peke yake hakucheka. "Mutoto haulizi tena kitu," alimwambia mumewe. "Anakaa tu. Nikimuweka hapa, namukuta hapa."

"Amekua. Amepata akili."

"Mutoto wa miaka miwili na kitu apate akili ya kunyamaza? Twende naye dispansere."

"Utampeleka mtoto mnene kwenye foleni ya wagonjwa? Watakucheka, mama. Ngoja kwanza koti liishe, mimi nisimame vizuri, halafu utampeleka kwa daktari wa mjini kabisa."

Koti likaisha. Na lilikuwa koti kweli, tusimnyime Lwaboshi haki yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Rangi ya majivu, bega limekaa, vifungo vyeusi vinang'aa. Siku ya safari watu walitoka nje kumtazama Melchior akipanda nyuma ya pikapu, na mtu mmoja akapiga makofi. Mahoro alikuwa mgongoni kwa mama yake. Hakutazama vifungo.

Kule Area 49 shule ilikuwa na ua wa maua na watoto wenye sare. Mkuu wa shule, mama mmoja mtu mzima wa Kimalawi, akakaa nyuma ya darasa na miwani yake puani. Melchior akashika chaki. Kiingereza chake kilijikwaa mwanzoni, halafu majina yakamshika mkono. Aliwapeleka kwenye jibini, kwenye hariri, kwenye ngano na kwenye jiwe la kibofu. Watoto wa matajiri wakacheka palepale walipocheka watoto wa wakimbizi. Akawaambia lisini, kwamba jina lake linatokana na neno la kale la kufungua na kulegeza, kwa kuwa ilipatikana kwa kuivunjavunja protini ya maziwa. Mkuu wa shule akavua miwani, akatabasamu. Kazi ilikwisha kupatikana, kila mtu mle ndani alijua.

Ndipo msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, umetuambia zinatoka wapi. Lakini kama hazipo? Kama mtu anakula nsima tupu, yaani ugali, bila kitoweo?"

"Swali zuri sana," Melchior akasema, na kwa kweli alilifurahia. Akageukia ubao. "Mahindi yana lisini kidogo mno, na triptofani kidogo mno. Mwili haujui kuzitengeneza hizi. Maharage ndiyo yanayoziba pengo. Pasipo maharage, samaki wala maziwa, mtoto hana cha kujengea. Damu yake inakosa protini ya kushika maji, basi maji yanatoka kwenye mishipa yanajaa chini ya ngozi. Miguu inavimba. Mashavu yanajaa. Mtu asiyejua anaweza kudhani mtoto amenenepa." Akaandika tirosini. "Hii ndiyo inayotengeneza weusi wa nywele. Ikipungua, nywele zinakuwa nyekundu. Halafu mtoto hachezi tena. Hata kulia anaacha. Anakaa tu pale ulipom..."

Chaki ikasimama.

Akabaki anatazama mkono wake mwenyewe ubaoni, na mkono wa koti unaotoka begani mpaka kwenye kiganja, rangi ya majivu. Maharage yale. Yote ameyavaa.

"Mwalimu?" mkuu wa shule aliita. "Mwalimu, unaumwa?"

"Mtoto wangu," Melchior akasema, kwa Kirundi, na pale hakuna aliyeelewa. Akatoka. Yule mama akamfuata mpaka kwenye maua, akamwambia aje Jumatatu kuanza kazi, na kama kuna shida nyumbani ampeleke mgonjwa hospitali haraka. Melchior aliitikia zikomo, zikomo, yaani asante, ila alichokisikia ni Jumatatu tu.

Sokoni aliacha saa yake ya mkononi kwa muuza mayai, akapewa mayai, na usipa waliokaushwa, ndio dagaa wa kule, na kopo la maziwa ya unga. Akarudi na gari la kwanza aliloliona. Njia nzima alikuwa anahesabu dawa zake: mayai yana zote, samaki wana lisini, maziwa yana triptofani. Alikuwa analia na huku anatumaini. Kosa lilikuwa limepata jina, na katika maisha yake yote kitu kikishapata jina kilikuwa nusu kimetatuliwa.

Alifika jua likiwa bado juu. Régine alikuwa amekaa nje, Hatungimana ananyonya, Mahoro amelala kwenye mkeka. Melchior akapiga magoti na koti lake, akabonyeza kidole juu ya mguu wa mtoto. Kidole kilipotoka, shimo likabaki.

"Tazama," alisema. "Si mnene. Ni maji. Ni njaa, mama Mahoro. Sisi tumemnyima."

Régine alitazama lile shimo. Akamwondoa mdogo ziwani, akasimama. "Twende dispansere. Bado iko wazi."

"Watampa nini? Aspirini? Watatupanga foleni mpaka kesho. Mimi najua kinachokosekana. Nakijua kwa jina, Régine! Hakuna mtu kambi hii anayekijua kuliko mimi."

Na hilo lilikuwa kweli. Hapo ndipo panaponichoma, kwamba lilikuwa kweli.

Akachemsha mayai. Akatwanga usipa. Akakoroga maziwa mazito kama uji wa harusi. Akamkalisha Mahoro mapajani, akaanza. Mtoto alifumba mdomo, akageuza uso, lakini baba yake alimwomba, akambembeleza kwa majina yote ya mapenzi, na Mahoro alikuwa mtoto mtiifu. Akafungua mdomo.

"Polepole," Régine akasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Mgonjwa haulizwi uji. Kila kijiko hapa ni tofali. Tunamjenga upya."

Yai likaingia, na la pili, na samaki, na maziwa. Akatapika. Melchior akamfuta, akampa tena. Mpaka giza linaingia tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, mtoto anaharisha, pumzi zake fupi fupi. Régine alisema tena habari ya dispansere, ilikuwa imefungwa. Kulipoanza tu kupambazuka alimfunga Mahoro mgongoni bila kumuuliza mtu, akatoka kwenye tope. Melchior alimfuata, koti mwilini, mayai yaliyobaki mkononi.

Nesi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Alimlaza mtoto kwenye meza, akamgusa tumbo, akamgusa mikono iliyopoa.

"Amekula nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

Melchior alitaja. Alitaja vyote, na kila kimoja kina nini ndani yake, sauti bado ina ualimu ndani yake.

Nesi alifumba macho kidogo. "Baba, mtoto aliyefika hapa haanzishiwi mayai. Ini limechoka. Moyo umechoka. Tunampa maziwa mepesi yenye sukari, kidogo kidogo, mchana na usiku, siku nyingi, mpaka mwili ukumbuke. Ndipo chakula kizito. Wewe umemtwika gunia mtu aliyezimia." Akaita mwenzake, wakaanza kuhangaika na mpira wa puani na sukari. "Kwa nini hamkumleta jana?"

Régine alikuwa anasubiri mumewe amfasirie, akimtazama mdomo. Hakumfasiria.

Walihangaika mpaka jua likatoka. Mahoro alifungua macho mara moja. Baba yake alikuwa ameinama juu yake, na vifungo vilikuwa karibu. Mtoto alikishika kimoja kwa vidole vilivyovimba. Alikuwa bado amekishika alipokwisha kufa, na nesi ndiye aliyemfungua vidole, taratibu, kimoja baada ya kingine.

Wakamzika siku hiyohiyo. Wanawake wa kwenye bomba walilia kweli, kisha wakanong'ona kwamba mtoto aliyenona vile hafi bure, kuna mtu amemloga kwa wivu wa ile kazi ya mjini. Wengine wakasema mama hakujua kulisha. Melchior aliwasikia. Alijua majina ya kila kitu kilichomuua mtoto wake, na hakufungua mdomo kumtetea mkewe. Aliona aibu.

Siku ya pili Régine alichukua koti kwenye msumari, akalikunja, akaenda. Melchior akamfuata kwa mbali kama mtu asiyehusika.

Lwaboshi alisimama kutoka kwenye cherehani. Watoto wake walikuwa wamezunguka sinia, nywele zao nyeusi ti, wanagombana, wana kelele. Régine aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaweka koti juu ya mashine.

"Nirudishie maharage yangu."

"Mama Mahoro..." Fundi alitupa jicho kwenye sinia. "Yale tulikulaka. Mi na batoto. Kama ningejua, Mungu wangu ni shahidi, kama ningejua..."

"Hata sisi tulikuwa hatujui," Régine akasema. "Nipe."

Lwaboshi akaingia ndani, akatoka na beseni limejaa, pengine ndiyo yote aliyokuwa nayo. "Na koti uchukue. Ni ya Prof, alikwisha kulipa."

"Amelipa sana," alisema Régine, na akaliacha palepale.

Nyumbani alikaa chini, akachambua mawe, akabandika chungu. Alichochea kuni mpaka mchana, Hatungimana mgongoni. Melchior alikaa kizingitini. Muda wote huo alitafuta la kusema, na alipolipata likawa hili:

"Jumatatu wananingoja kule shuleni."

"Nenda."

"Sina koti."

"Nenda ukawatajie majina," Régine alisema, bila hasira, akifunua chungu.

Akapakua. Sahani moja. Akamgeuza mtoto akamweka ziwani, akaanza kula kwa mkono wa kuume, taratibu, anatafuna vizuri, maana alichokula yeye ndicho kitakachomfikia yule mdogo. Kwao, hata adui akikukuta unakula humwachi bila kumwambia karibu. Melchior alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, mvuke unamfikia puani. Alingoja. Régine alimega, akatafuna, akameza, akamega tena, mpaka sahani ikawa tupu, na hakumwambia karibu.